Neno la Kushika

Sisi tunaoandika habari hii tu waalimu wawili, mmoja mzaliwa wa Ruangwa na mwenziwe mzaliwa wa Nachingwea. Tulifundisha katika shule moja miaka mingi, tukastaafu mwaka mmoja, na sasa mashamba yetu ya mikorosho yapakana. Basi msomapo "sisi" katika maneno haya, msidhani ni mtu mmoja ajikuzaye. Tu wawili kweli, na hapana sentensi iliyoandikwa hapa ila tumeibishania kwanza.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, watoto wa darasa la saba wakiisha kufanya mtihani wao, wako wanaozunguka kijijini na daftari mkononi. Humwendea mwalimu, mzee wa kanisa, mganga wa zahanati, hata mwenye duka, wakasema, "Naomba uniandikie neno." Hawataki barua wala hotuba. Wataka neno fupi la mstari mmoja, ambalo mtu aweza kulishika moyoni na kwenda nalo duniani. Siku hizi watu huliita kaulimbiu. Wazee wetu waliliita neno tu, nalo jina hilo latosha.

Mwaka huu alikuja binti mmoja, mtoto mpole mwenye mwandiko mzuri. Tulipolifungua daftari lake tukakuta wengi wamekwisha kututangulia. Mmoja ameandika, "Penye nia pana njia." Mwingine, "Elimu ni bahari." Mwingine, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Mwingine, "Haraka haraka haina baraka," na chini yake, kwa wino mwekundu, mtu mwingine ameandika, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Yote ni maneno mema, lakini yalipokaa pamoja katika ukurasa mmoja yalikuwa kama watu sokoni, kila mmoja akiita wateja kwa sauti yake. Tukamwambia yule binti, "Mwanetu, tuachie daftari hili siku chache." Alistaajabu, maana wengine wote waliandika pale pale wakiwa wamesimama. Basi haya mnayoyasoma ni mawazo tuliyoyapata daftari lile lilipokuwa mezani petu.

Katika nchi yetu mtu hawezi kutembea saa moja asikutane na neno fupi. Liko nyuma ya lori lipakialo korosho kwenda Mtwara, liko katika kipande cha mpira kining'iniacho nyuma ya gurudumu la baiskeli, liko juu ya mlango wa kinyozi, liko katika kibao cha shule. Zaidi ya yote liko katika kanga. Kanga pasipo jina si kanga, ni kitambaa tu. Zamani majina hayo yalipigwa chapa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi hizi tunazozisoma sote. Na wazee wetu wa kike waliijua sana chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, iliyotoka Mombasa, wakaitafuta madukani hata huku kusini.

Mama wa mmoja wetu alikuwa na kanga aliyoipenda sana. Aliinunua kwa ajili ya rangi yake, kwa kuwa hakujua kusoma. Mwaka 1970 serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata akina mama wa kijiji chetu walikuwa wakikutana jioni chini ya mwembe kujifunza kusoma. Mama huyu alikwenda huku akiona haya, maana mwalimu wake alikuwa kijana wa umri wa mwanawe. Siku moja alikuwa akianua nguo kambani, akasimama ghafla. Akasoma herufi moja moja, kwa sauti, kama mtu ahesabuye fedha: "U-si-sa-fi-ri-e nyo-ta ya mwe-nzi-o." Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa amejifunga maneno hayo kiunoni, akipita mbele ya nyumba ya jirani yake aliyejua kusoma tangu utoto. Na kwa miaka mitatu jirani yule alimwitikia salamu kwa nusu mdomo, akidhani anaambiwa kwamba aonea kijicho bahati ya mwenziwe! Mama alikwenda siku ile ile kumweleza. Walicheka hata machozi yakawatoka, lakini ile miaka mitatu haikurudi.

Baada ya hapo mama alikwenda dukani akasoma mwenyewe majina ya kanga zote, mwenye duka akachoka naye. Akachagua moja isiyokuwa na rangi nzuri hata kidogo, nyeusi na kahawia, yenye jina hili: "Kawia ufike." Tulipomwuliza sababu, alisema, "Hii yanihusu. Mimi nimekawia kusoma, lakini nimefika." Aliivaa hata ikawa nyembamba kama utando wa buibui.

Twaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu tutalirudia, tena kwa aibu.

Wako watu husema kwamba methali za wazee hazina maana, kwani zapingana. Hii yasema usifanye haraka, na ile yasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Vijana wetu shuleni walipenda sana kututega kwa jambo hilo, na kwa muda mrefu hatukuwa na jibu. Jibu tulilipata kwa mganga wa zahanati, ingawa yeye hakujua kwamba anatujibu. Tulimkuta akigawa dawa, mmoja akapewa ya kufungua tumbo na wa pili akapewa ya kulifunga, wala hapana aliyesema kwamba mganga ajipinga mwenyewe. Dawa hufuata ugonjwa. Kadhalika neno fupi lilitungwa kwa ajili ya mgonjwa fulani. "Kawia ufike" ni dawa ya mtu wa pupa. Mpe mvivu neno hilo, atalifanya mto wa kulalia. Na yule mwoga afikiriye jambo moja mwaka mzima mpe "Ngoja ngoja huumiza matumbo," huenda akainuka. Lakini ukimpa mwenye pupa, atavunjika shingo kabla ya saa sita mchana.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa pupa. Aendaye Nachingwea aweza kuonyeshwa na wazee mahali palipopita reli. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza waliikagua nchi yetu kwa wiki chache tu, na sehemu kubwa waliitazama kwa ndege, kisha wakashauri yalimwe mashamba ya karanga ya ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza mwaka 1947, huko Kongwa, na Urambo, na Nachingwea. Hawakutangulia kulima shamba dogo la majaribio wangoje misimu kadha waone mvua na udongo. Huku kusini ikajengwa bandari Mtwara, na reli ikaletwa hata Nachingwea. Wazee wetu walifanya kibarua katika kazi hiyo. Walituambia jinsi mashine zilivyofika kwa wingi na jinsi zilivyoharibika. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule uliachwa, na fedha zilizopotea ni pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962, kabla sisi hatujazaliwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Wale waliopanga kazi hiyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi, na nchi yao ilikuwa na shida ya mafuta ya kula baada ya vita. Lakini shida ya leo iliwafanya wasahau kwamba mvua haipokei amri. Karanga tunazila hata sasa, zile walizopanda mama zetu katika mashamba ya robo ekari.

Tena, kuna uchovu, nao una dawa yake. Mmoja wetu alikulia Nachingwea wakati wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa na kambi yao kuu ya mafunzo huko. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vyao vikaanza Septemba 1964. Sisi watoto tulikuwa tukisikia maneno, "A luta continua." Hatukujua ni Kireno, tulidhani ni salamu, tukawa tunasalimiana hivyo tukienda kuchota maji, na mwenzako akijibu "Continua!" unampisha njiani. Mtu mzima mmoja akatueleza kwamba maana yake ni hii: mapambano yanaendelea. Tukaona si neno la ajabu. Hatukufahamu ya kuwa halikutungwa kwa watoto walioshiba uji. Lilitungwa kwa watu waliokwisha kuzika wenzao, na mwaka 1969 wakamzika kiongozi wao Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam, watu ambao kila asubuhi wangeweza kusema, "Basi, imetosha." Neno lao halikuwaahidi ushindi wala halikuwataja adui. Lilisema tu kwamba jambo halijaisha. Mapatano yakafanyika Lusaka Septemba 1974, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Na katika Ndanda, ambako wagonjwa wa Nachingwea na Ruangwa hupelekwa hata leo, watawa Wabenedikto waliojenga hapo tangu mwaka 1906 wana neno lao la Kilatini, "Ora et labora," yaani, sali na ufanye kazi. Wengi hudhani kwamba Mtakatifu Benedikto mwenyewe aliliandika katika Kanuni yake. Sivyo; maneno hayo hayamo katika Kanuni, ni watu wa baadaye waliofupisha mafundisho yake. Nasi twapenda jinsi neno hilo linavyotibu magonjwa mawili kwa kijiko kimoja: ugonjwa wa mtu asaliye ili asilime, na ugonjwa wa mtu alimaye hata asikumbuke kwa nini alima.

Mtaona kwamba hata taifa laweza kuwa na ugonjwa likapewa neno. Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wako waliodhani kwamba sasa ni kupumzika, kwa hiyo neno "Uhuru" likaongezwa mwenziwe, likawa "Uhuru na Kazi." Mwalimu Nyerere alikuwa na neno jingine, "Inawezekana, timiza wajibu wako," nalo kwa maoni yetu ni bora zaidi, kwa sababu nusu ya kwanza yamwinua aliyekata tamaa, na nusu ya pili yamzuia asiketi akingoja wengine wafanye. Lakini tulilolishuhudia kwa macho yetu ni "Mtu ni Afya," mwaka 1973. Tulikuwa watoto wa miaka kumi. Watu walikusanyika kila wiki kusikiliza redio, mmoja akawasomea kijitabu, kisha wakajadiliana. Yasemwa watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga katika nchi nzima. Baba zetu hawakuishia kusema "Mtu ni Afya." Waliondoka chini ya mwembe wakachukua majembe, wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Tulibeba udongo kwa mabakuli. Neno lile lilikuwa na mpini.

Sasa twafika kwenye habari yetu wenyewe, ambayo tungependa kuiruka.

Mwaka 1988 tulikuwa vijana, tumefundisha miaka mitatu tu. Shule yetu ilikuwa ndogo, kuta za udongo, nasi tulitaka iwe ya kwanza katika mitihani. Tulikuwa na pupa kuliko watu wa karanga. Tukaona yafaa ukuta wa darasa uwe na neno. Ilibaki rangi ya buluu kidogo katika kopo, iliyopakwa milangoni. Tukaichukua, tukaandika juu ya ubao, kwa herufi ndefu kama mkono wa mtoto: KAWIA UFIKE. Kwa nini neno lile? Tulilikumbuka kwa ile kanga ya mama, tena lilikuwa fupi, na rangi ilikuwa kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yetu yote. Tulilipenda jinsi lilivyokaa ukutani. Hatukujiuliza hata mara moja lamwambia nani.

Katika darasa lile alikuwapo mvulana mmoja aliyechelewa kila siku. Alikaa kwa bibi yake ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sheria ya shule ilikuwa wachelewaji wapigwe viboko mlangoni, naye alivizoea, akanyoosha mkono hata kabla hajaambiwa. Asubuhi moja ya Januari, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kengele ikapigwa, somo la kwanza likaisha, na la pili. Katika somo la tatu akatokea mlangoni, amelowa hata kifuani, daftari zake amezifunga kichwani kwa kitambaa. Mwalimu akashika fimbo. Mtoto akautazama ukuta juu ya ubao, akasoma, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nimefika, mwalimu."

Darasa lote likacheka. Hawakumcheka yeye, walicheka kwa sababu alisema kweli, nasi tulijua. Na kwa kuwa tulijua, hasira yetu ilikuwa kubwa zaidi. Alipigwa mara mbili ya desturi, kwa kosa la kuchelewa na kosa la ujeuri. Mmoja wetu ndiye aliyeshika fimbo. Mwenziwe alikuwa akifundisha chumba cha pili, akasikia maneno yote na vicheko na fimbo, maana ukuta wa udongo hauzuii sauti, akaendelea na hesabu zake. Nani alikuwa nani hatutasema. Tumekubaliana kwamba hapana tofauti.

Kesho yake mtoto hakuja. Wala kesho kutwa. Wiki ikapita. Kila tulipogeuka kuandika ubaoni herufi zile za buluu zilikuwa juu ya vichwa vyetu, na watoto wote arobaini walikuwa wakizisoma nyuma ya migongo yetu. Hatukuwaona wakizisoma, lakini twajua. Jioni moja mmoja akamwambia mwenziwe, "Ama tulifute neno lile, ama tuende kumtafuta mtoto." Tukaenda.

Tulitoka baada ya masomo. Kufika kijitoni, maji yalikuwa yamejaa, rangi ya matope, yakienda kwa nguvu. Tukaketi ukingoni tukangoja yapungue. Palikuwa na gogo limelazwa, utelezi mtupu, na kamba ya miti imefungwa kwa kushikia. Tukafahamu ndipo apitapo kila asubuhi. Sisi watu wazima wawili tulivuka tukishikana mikono kama vipofu, na mmoja akaanguka. Kwa hiyo tulifika usiku umekwisha kuingia.

Bibi alikuwa ameketi karibu na moto. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, akatutambua kwa sauti. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," na akauliza ni akina nani. Tulipojitaja kuwa waalimu alinyamaza. Kisha akainuka, akapapasa ukutani hata akaingia ndani, nasi tukadhani aleta mkeka. Akatoka na kuku, amefungwa miguu. Akasema, "Waalimu wangu, najua sheria. Mtoto asipokwenda shule, mlezi ashtakiwa. Pokeeni huyu, msinipeleke barazani. Sina mwingine wa kunichotea maji."

Wasomaji wapenzi, tumefundisha miaka mingi, tumelaumiwa na wakaguzi, tumesemwa na wazazi katika mikutano. Lakini hapana maneno yaliyotuingia kama hayo ya mtu aliyetaka kutupa mali yake yote kwa sababu tulimpiga mjukuu wake. Kwanza hatukuweza kujibu. Kisha tukasema, "Bibi, mfungue kuku. Sisi ndio wenye kesi." Tukamweleza. Ndipo tukapata habari ambayo ingetupasa kuiuliza tangu mwanzo: kwamba mtoto huamka alfajiri, huchota maji, humpikia bibi uji, na wakati wa korosho huziokota kwanza zilizoanguka usiku, ndipo aanze safari. Hakupata kutuambia. Hatukupata kumwuliza.

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, hakutaka kutoka. Bibi akamwita mara tatu. Akaja, akasimama mbali na mwanga wa moto. Siku zile mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi lilikuwa jambo lisilosikiwa, nasi hatukujua maneno yake. Tuliyasema vibaya, kila mmoja akimkatiza mwenziwe. Yeye hakujibu. Alikuwa akivitazama viatu vyetu vilivyojaa matope. Tukamwambia, "Njoo saa yoyote. Ukifika, ingia, ukae." Hatujui kama alisadiki, maana kesho hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya nne, katikati ya somo la pili, mlango ukafunguliwa. Akaingia, akakaa. Hapana aliyecheka.

Hatutaki kuwaambia kwamba alikuja kuwa mtu mkubwa, kwa kuwa si kweli. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, bibi yake akafariki, akaoa, akalima. Leo ana ufuta na korosho, na mara nyingi twakutana naye kwenye mizani ya chama cha ushirika, twasimama katika foleni moja. Mwaka mmoja tukamwuliza kama aikumbuka siku ile ya viboko. Akasema viboko vilikuwa vingi shuleni, hakumbuki kipi ni kipi. Anachokumbuka ni viatu.

Neno lile tulilifuta darasani. Lakini hatukulitupa. Tulipata rangi nyingine, tukaliandika katika chumba cha waalimu, mkabala wa meza zetu, mahali ambapo mtoto aingiapo hulipa kisogo na mwalimu hulitazama. Mvua ziliponyesha na chokaa ya darasani ikalowa, zile herufi za kwanza zilionekana tena kidogo, buluu hafifu, hata ukuta ulipobomolewa kujengwa madarasa ya matofali. Msidhani tulipona pupa. Tulirudi kufanya makosa yale yale mara nyingi, na siku nyingine tulipoinua macho tukakutana na neno, tuliyashusha upesi. Lakini mara nyingine lilituwahi. Lilituwahi alipokuja msichana aliyekuwa hawezi kusoma mpaka darasa la nne, na tulikuwa tumekwisha kukata shauri kwamba hana akili. Lilituwahi siku moja tulipokuwa tumeandika barua ya ukali kwa mzazi, ikalala mezani usiku mmoja, na asubuhi haikupelekwa.

Basi, tumerudi kwenye daftari. Tungeweza kumwandikia yule binti "Kawia ufike," maana ndilo tunalolijua kwa mwili wetu. Lakini je, ni dawa yake? Sisi twajua ugonjwa wetu, wake hatuujui. Huenda ni mtoto asubiriye mno, aachaye wenziwe wapite mbele, nasi tutamzidishia. Kwa hiyo juzi alipokuja kuulizia daftari lake tulimwuliza, "Mwanetu, ni jambo gani ambalo wewe mwenyewe huwa washindwa, hata mama yako akakusema?" Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Akafikiri kidogo akaacha kucheka. Akasema, "Mnipe muda, waalimu. Nitawajibu Jumamosi."

Mmoja wetu alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Mwenziwe akamshika mkono. Daftari lingali mezani, chini ya jiwe lisipeperushwe na upepo, ukurasa wake mtupu, na leo ni Alhamisi.